Iulize Ndege Nyumbani Kwake ni Wapi

Mkiitwa kwenda kuijaribu ndege ya mtu, vijana wangu, msikimbilie kuitazama ndege. Mtazameni kwanza mwenye ndege. Akiwa anaongea sana, kuna skrubu hajaikaza. Akiwa kimya, kuna jambo amelifanya nyumbani na hataki mlijue. Ndege yenyewe haina aibu, mtaipekua mnavyotaka na haitaficha kitu. Aibu anayo binadamu, na katika kazi yangu nimeona aibu ikiangusha ndege ambazo upepo ulishindwa kuziangusha.

Naitwa Kasele. Hapa Tabora waliokuwa wakiniita Mzee Rubani walikuwa wananitania, maana sijawahi kupanda ndege hata ya kwenda Dar. Kazi yangu ilikuwa kurusha kwa mara ya kwanza ndege ndogo za mfano zilizotengenezwa na watu wengine. Ni zile za foamu ngumu, foamu inayokuja na friji mpya, zenye mabawa mapana kiasi cha mtu mzima akinyoosha mikono, mota ya betri puani na rimoti mkononi mwa mrushaji. Mwenye duka, mfamasia, mkulima wa tumbaku, kila mmoja na starehe yake. Lakini mtu akishahangaika na gundi na wembe miezi na miezi, siku ya kuirusha mikono inamgomea. Anatafuta mkono wa mtu asiyeipenda ile ndege, na mkono huo ndio niliokuwa nao mimi. Sasa mtoto wa jicho amenistaafisha, mmebaki nyinyi.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Kalunde, mama wa Usinge aliyefundisha kazi za mikono shuleni mpaka akastaafu. Alikuwa anaiweka ndege juu ya ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, kisha anafumba macho kama anayeonja mchuzi. "Mkia mzito," anasema. Unahamisha betri mbele kidogo, anaonja tena. Sikuwahi kumwona akikosea, na sikuwahi kumsikia akisifia ndege ya mtu. Alisema sifa zinamfanya mwenye ndege akuharakishe.

Vile visanduku vya kuiongoza ndege vilipoingia, vile mnavyoviita otopailoti, wengi wa rika letu walinuna. Mwalimu Kalunde alikichukua kimoja, akakigeuzageuza kiganjani, akacheka. "Kasele, kazi imekuwa mara mbili," akaniambia. "Zamani tulijaribu ndege. Sasa tunajaribu ndege na mtu aliyejificha ndani yake." Tangu hapo na mimi nikakiita rubani mdogo. Ni mtiifu sana yule. Anafanya alichoambiwa, hata kama aliyemwambia alikuwa anafikiria mambo mengine.

Kwa hiyo kabla ya kuirusha, jifunzeni kumhoji rubani mdogo angali chini. Shikeni ndege mkononi, ilazeni upande wa kushoto. Vile vibawa vidogo vya nyuma ya mabawa vinatakiwa vicheze kuinyanyua irudi sawa. Vikicheza kuizidishia kulala, iwekeni chini, nendeni mkanywe chai.

Kuna mkulima mmoja wa tumbaku aliniletea yake kwenye pikipiki, imefungwa kwa mpira nyuma. Akanisalimia vizuri, mwangaluka, habari za nyumbani, habari za mvua, zote kwa pumzi moja, nikajua ana haraka. Nilipoilaza ndege kushoto, vibawa vikaizidishia. Nikafungua tumboni nikakuta rubani mdogo amekaa akitazama mkiani, kwa sababu waya ulikuwa mfupi.

"Mzee, ikishakuwa juu itazoea," akaniambia.

Nikamrudishia ndege yake. Akaondoka amekasirika, akaenda kuirusha mwenyewe shambani kwake. Wiki iliyofuata alirudi na mfuko wa mbolea, ndani yake vipande. Hakuleta maneno mengi. "Haikuzoea," alisema, akaweka mfuko chini.

Uwanja wetu mnaujua, ule uwazi wa nyasi upande wa Kwihara, kando ya barabara ya zamani ya misafara. Wapagazi walipita hapo na pembe na vitambaa, wakaangusha vitu vidogo vidogo, na sisi tuliowafuata tumeangusha skrubu. Mara nyingi nimepiga magoti kutafuta kipande cha ndege nikaokota ushanga. Ni uwanja mzuri kwa sababu ukikosea hapo unamuumiza mchwa tu. Mjini ni jambo jingine, na hilo la mjini ndilo nataka mlishike.

Nassor mnamjua, mwenye duka la vipuri vya baiskeli Isevya. Ukoo wao ni Waarabu wa Tabora, wa asili ya Omani, wameuza na kununua hapa tangu misafara hiyo hiyo. Wakati ninaousimulia alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, mwenye heshima zake, na alikuwa ameitengeneza ndege nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Niliipima kwenye vidole, ikatulia. Kidogo niisifie.

Nassor alikuwa anaishi na mama yake, Bi Salma. Miguu ya Bi Salma ilikuwa imekwisha kazi. Asubuhi walimbeba kumtoa chumbani, wakamweka uani juu ya mkeka na mito, na hapo alikaa hadi magharibi, akisikiliza nani ameingia na nani ametoka. Maoni yake yalijulikana Isevya nzima. Kuhusu ile ndege alikuwa na maoni pia, kwamba mwanamume mwenye wajukuu hachezei vitu vya watoto, na kama lazima achezee, basi kisitoke nyumbani kwake bila kusomewa.

Hayo ya kusomewa mimi sikuyajua siku ile. Nassor alifika uwanjani na pikapu yake, Ijumaa baada ya sala ya alasiri, amevaa kanzu nyeupe. Ndege ilikuwa inanukia udi. Nikadhani harufu ni ya kanzu.

Sasa sikilizeni habari ya nyumbani. Rubani mdogo ana mahali anapopaita nyumbani. Hakuna anayemwambia. Betri ikichomekwa anaamka, anazitafuta setilaiti, na pale alipozipata ndipo nyumbani kwake mpaka betri ichomolewe. Ndege ikipotezana na rimoti hairandirandi, inarudi huko, inazunguka juu kwa adabu ikimsubiri mwenyewe. Kisanduku cha Nassor kilikuwa cha vile vya bei ya chini. Kilijua kurudi, hakikujua kutua. Kingezunguka mpaka betri iishe, halafu chochote kilichopo chini ndicho kingeipokea.

Nilipoona taa ya kijani ya setilaiti imeshatulia nikamwuliza, "Nassor, betri umechomeka wapi?"

"Hapa hapa, Mzee. Si unaona?"

Alijibu akitazama viatu vyake.

Tukairusha. Iliondoka mkononi kama haijawahi kukaa chini. Nikaizungusha kushoto, kulia, nikamwachia rubani mdogo ainyooshe, akainyoosha. Nassor alikuwa nyuma yangu anapumua kwa kelele. Likabaki jaribio la mwisho, ambalo msilifanye bila mwenye ndege kukubali kwa mdomo wake, nalo ni kuzima rimoti makusudi ndege ikiwa mbali, uone kama itarudi.

"Nizime?"

"Zima, Mzee. Bismillahi."

Nikazima. Ndege ilikuwa ng'ambo ya miembe. Ikageuka vizuri, ikapanda kidogo, ikaja moja kwa moja kuelekea kwetu. Nassor akapiga makofi. Ikapita juu ya vichwa vyetu, tukageuka nayo, tukasubiri ianze kuzunguka. Haikuanza. Ilinyoosha pua kuelekea mjini, imetulia, kama mtu anayejua anakokwenda na anayesubiriwa huko.

Niliwasha rimoti. Rimoti za namna ile zikiwashwa hupiga kelele kwanza, hazikubali kazi mpaka kila kijiti na kila swichi viwe mahali pake. Nilipomaliza kuibembeleza, ndege ilikuwa kijidoa, na kijidoa hicho kilikuwa kimeshatoka kwenye uwezo wa rimoti.

"Nassor," nikasema, "umeiwasha wapi?"

"Uani."

"Uani wapi?"

"Kwa Mama. Alitaka kuisomea na kuifukiza udi. Halafu akasema hawezi kusomea kitu kilichokufa, niiwashe aone inapumua. Taa zikapepesa, akafurahi sana. Nikaona nisiichomoe, setilaiti zimeshapatikana, kwa nini tusubiri tena huku."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje, Mzee? Mtu mzima kama mimi, mama yangu amenifukizia mdoli?"

Nilimwelewa, na muda wa kumgombeza haukuwapo. Ndege ile ilikuwa na uzito wa jembe, na pangaboi la puani linaloweza kuondoka na kidole. Ilikuwa inakwenda kuzunguka juu ya mwanamke asiyeweza kusimama, na itakapochoka itamwangukia. Niliogopa. Nasema wazi ili msije mkadhani mimi huwa siogopi.

Nilipanda nyuma ya pikapu, rimoti nimeinyanyua juu, Nassor akaendesha kama hajawahi kulipia springi. Simu ameiweka juu ya dashibodi, sauti imefunguliwa yote, na kioo cha nyuma kilishavunjika zamani, kwa hiyo nikasikia kila neno. Alipokea Rukia, mpwa wake, aliyekuwa anashinda na bibi yake mchana.

"Rukia, mwingize Mama ndani! Sasa hivi!"

"Mjomba, ndege yako iko hapa juu, inazunguka, watoto wa jirani wote—"

"Mwingize ndani nimesema!"

"Hataki. Nimemshika mkono ameniondoa. Anasema anaitazama."

"Mpe simu."

Simu ikahama. Tukasikia mtu anajiweka sawa kwenye mito.

"Nassor. Hata salamu?"

"Shikamoo, Mama. Ingia ndani."

"Marahaba. Niingie ndani kwa nini? Jua lenyewe limeshapoa."

"Mama, hiyo ndege inaweza kuanguka!"

"Ianguke kwa nini? Tumeomba irudi nyumbani salama, imerudi. Wewe ndiye hujarudi."

Akakata simu. Mbele yetu ng'ombe walikuwa wamejaa barabarani, wanapelekwa mnadani na mchungaji asiyekuwa na haraka na mtu. Nassor alipiga honi, ng'ombe wakatutazama. Ndipo nilipomwona Nassor analia, mikono yote miwili kwenye usukani, hafuti machozi. Mimi nilikuwa nafanya hesabu ya betri kichwani na kila nilipoifanya ilikuwa inatoka vibaya zaidi.

Wale ng'ombe walipotupisha, tukaingia Isevya kwa njia ya mashine ya kusaga. Pale kwenye kona ndipo nilipoiona, juu ya mabati, inazunguka polepole, bawa moja limeinama ndani. Ilikuwa nzuri, siwafichi. Nikasukuma kijiti. Haikusikia. Pikapu ikasogea, nikasukuma tena, haikusikia. Tukafika usawa wa mlango wa duka lake, nikasukuma mara nyingine, bawa likatikisika.

"Nimeipata!"

Nassor alifunga breki, karibu niruke juu ya kabini. Nikaishusha, nikaiomba mota nguvu kidogo niipeleke kwenye kiwanja cha mpira cha nyuma ya shule. Mota ikanguruma, ikakatika. Ikanguruma tena, ikakatika. Betri ilikuwa imebakiza ya kuchezesha mabawa tu. Kati ya ndege na kiwanja kulikuwa na paa za watu, kamba za nguo, na watoto wote waliotoka nje kutazama juu. Kati ya ndege na ardhi kulikuwa na uani wa Bi Salma.

"Nassor, haifiki kiwanjani."

Alikuwa ameshashuka, amesimama mlangoni kwake, mlango wazi. Kutoka pale juu ya pikapu nilikuwa namwona Bi Salma kule ndani, mtandio mweupe, uso ameuinua. Rukia alikuwa amejilaza juu ya miguu ya bibi yake kumkinga.

"Ipige kwenye paa la stoo," Nassor akasema. "Stoo haina mtu. Ipige, Mzee."

Ilikuwa ndege yake, na alisema bila kuitazama. Nikaizungusha mara ya mwisho, nikaielekeza kwenye bati la stoo lililokuwa ukutani mwa uani, nikaivuta pua juu mwishoni ili ifike ikiwa imechoka. Mlio wake, hata nyinyi mliokuwa hamjazaliwa nadhani mliusikia. Bawa moja lilibaki juu ya bati, mkia ukaangukia kwa jirani, na pua yenye mota ikadondoka ndani ya beseni la nguo lililokuwa chini ya ukuta, hatua chache kutoka kwenye mkeka.

Nassor alikimbia ndani, akapiga magoti, akashika mikono ya mama yake, akaangalia kichwa, akaangalia mabega, akaangalia miguu ile isiyotembea. Bi Salma alimwacha amalize. Kisha akatazama beseni.

"Kumbe ilikuwa haijui kushuka," akasema. "Mbona hamkuniambia? Ningeiombea na hilo."

Nassor akacheka huku analia. Mimi nilishuka kwenye pikapu, nikakaa chini pale mlangoni. Rukia akaniletea kahawa na tende, na Bi Salma akaniuliza habari za nyumbani, za mke, za watoto, mmoja mmoja, kama nimekuja kumsalimia.

Kwa hiyo desturi yangu ikabadilika. Sikumwuliza tena mtu betri amechomeka wapi. Ndege ikifika uwanjani naichomoa kwa mkono wangu, hata mwenyewe akiapa, naichomeka upya, tunasubiri setilaiti pamoja huku tunazungumza mambo mengine. Katika kusubiri huko ndiko watu wanakotoboa siri zao. Mmoja aliniambia ndege yake ameipitisha kwanza kwenye kaburi la baba yake. Mwingine kwamba mkewe ameilalia. Muwape muda wa kusema, na msicheke mpaka wacheke wao kwanza.

Nassor aliijenga upya. Bi Salma akawa anaisomea kila mara kabla haijatoka, ikiwa imewashwa, maana hakubadili msimamo kuhusu kitu kilichokufa. Orodha ya maombi ndiyo iliyoongezeka: ipae, irudi, ishuke, isimwangukie mtu wala mbuzi wa mtu. Nassor hakuficha tena. Akifika uwanjani ananiambia, "Mama anakusalimia," naichomoa betri, kazi inaanza.

Bi Salma alifariki msimu wa masika. Nilikwenda kuzika, nikakaa nao matanga, na baada ya hapo sikumwona Nassor uwanjani muda mrefu. Nilidhani ameacha. Macho yangu nayo yalikuwa yameanza ukungu, kwa hiyo na mimi nilikuwa naelekea kuacha.

Siku moja akaja. Kanzu nyeupe, pikapu ile ile, ndege ile ile. Rimoti ilikuwa mpya, ya hizi mnazotumia nyinyi, zenye kioo kinachoandika umbali wa kutoka hapo ulipo hadi nyumbani. Mkiwa uwanjani na mambo yako sawa, kinasoma sifuri. Nikaisogeza rimoti mpaka ikakaribia pua yangu. Haikusoma sifuri. Ilisoma kilomita, zile zile za kutoka hapo hadi Isevya.

"Nassor, umeiwasha uani."

"Ndiyo."

Hakutazama viatu. Ndege haikuwa inanukia kitu.

"Kuna nani pale sasa?"

"Hakuna mtu, Mzee. Rukia ameolewa Kigwa. Mkeka tumeukunja."

Nilinyoosha mkono kuichomoa betri, kama ninavyomfanyia kila mtu. Akanishika kiganja.

"Ngoja kidogo," akasema.

Nikangoja. Alisimama akiitazama ile namba kwenye kioo, na mimi nikatazama pembeni, kwenye miembe, ambayo kwa macho yangu ilikuwa imeshakuwa kitu kimoja cha kijani. Msimharakishe mtu hapo, vijana. Betri inavumilia.

Kisha akaifungua ndege tumboni, akaichomoa mwenyewe.